Atomu Moja ya Florini

Mkoani Mara, floraidi haihitaji kutambulishwa. Kuna vijiji ambavyo maji ya kisima huwapaka watoto meno rangi ya kahawia, na rangi hiyo haitoki kwa mswaki, kwa mkaa wala kwa majivu. Ukiimeza haitangitangi mwilini. Inakwenda kwenye meno yanayoota na kwenye mifupa, na huko inakaa. Wataalamu wa tiba nyuklia walilijua hilo zamani wakalitumia: tangu 1962 floraidi yenye mionzi imekuwa ikidungwa mshipani ili kupiga picha ya mifupa. Ila kazi ninayotaka kuisifu hapa ni ngumu kuliko hiyo. Ni kazi ya kuichukua florini hiyohiyo, kuikataza mifupa, na kuituma ikautafute uvimbe wa saratani ya titi unaostawi kwa homoni ya kike.

Saratani za titi si za namna moja. Zipo ambazo seli zake zina vipokezi vya estrojeni, yaani protini zinazokaa ndani ya kiini cha seli, zikaidaka homoni inapopita na kuigeuza kuwa amri ya kuzaana. Zipo nyingine hazina. Mama wa Butiama mwenye aina ya kwanza anaweza kupewa tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa miaka mitano au zaidi, akakinywa nyumbani kwake huku akiendelea na shamba lake la mihogo. Kidonge hicho hukaa kwenye kipokezi, homoni ikija inakuta pamejaa. Mwenye aina ya pili akipewa kidonge hichohicho amepewa bure, na miezi inayopotea hairudi. Tamoksifeni si dawa ya matajiri. Ni ya miaka ya 1970 na bei yake imeshuka siku nyingi. Ndiyo maana swali la vipokezi lina uzito Musoma kama lilivyo na uzito London, pengine zaidi.

Chimbuko la swali hilo litawafurahisha wafugaji wa Mara. Katika karne ya 19 daktari mmoja wa Scotland, George Beatson, alipokuwa akijisomea habari za maziwa ya mama, alikutana na desturi ya wafugaji wa ng'ombe wa nchi za mbali: ng'ombe akishazaa, wanamtoa ovari ili aendelee kukamuliwa. Akaliweka moyoni. Kumbe ovari na titi, viungo viwili vilivyo mbali namna ile, vinasemezana! Mwaka 1895, mjini Glasgow, akamtoa ovari mwanamke ambaye saratani yake ya titi ilikuwa imerudi baada ya upasuaji. Uvimbe ukanywea. Alichapisha habari hiyo mwaka uliofuata katika jarida la Lancet, wakati ambapo homoni zilikuwa hazijapewa hata jina. Haikumsaidia kila mgonjwa aliyefanyiwa hivyo baadaye, na hakuna aliyejua kwa nini huyu apate nafuu na yule asipate.

Jibu lilikuja zaidi ya miaka 60 baadaye, kwa njia ambayo wote wanaotengeneza dawa zenye mionzi za kufuatilia kitu kinakokwenda mwilini wanaidai urithi. Elwood Jensen na mwenzake Herbert Jacobson, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walitia haidrojeni yenye mionzi ndani ya estradioli, ambayo ndiyo estrojeni kuu ya mwili, wakawadunga panya jike ambao hawajapevuka. Wengine wakati huo walikuwa wakitafuta homoni inafanya nini. Jensen aliuliza inakwenda wapi. Misuli iliipokea ikaiachia; mfuko wa uzazi uliipokea ukaishikilia. Kitu kinachoshikilia ndicho kikaja kuitwa kipokezi, na mgonjwa wa Beatson ambaye uvimbe wake ulinywea bila shaka alikuwa nacho.

Leo, ukilitaka jibu hilo ukiwa Bunda au Musoma, njia ni kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama kinachotolewa kwenye uvimbe ili kipimwe. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu wanaosimulia mashine kubwa huipita hatua hii mbio. Daktari anapiga ganzi, anaingiza sindano nene, sindano inafyatuka kwa mlio unaomshtua mgonjwa kuliko maumivu yenyewe, na kinatoka kipande chembamba cha nyama, cheupe penye uvimbe, cha manjano penye mafuta, kirefu cha sentimita moja au mbili. Hicho kinatumbukizwa kwenye fomalini, na kinatakiwa kuingia humo ndani ya saa moja. Nyama iliyokatwa na damu yake huanza kujila yenyewe, na vipokezi ni miongoni mwa vitu vinavyowahi kuharibika. Fomalini iwe ya asilimia 10, iwe imetiwa chumvi za kuizuia isigeuke asidi, na iwe nyingi, kinyama kiogelee. Kikae humo kisipungue saa 6 wala kisizidi saa 72. Kwenye kaseti ya plastiki namba huandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu ungeyeyuka kwenye dawa na mama mmoja akapewa ugonjwa wa mwingine.

Kisha kopo linapanda gari kwenda Mwanza, Bugando, ile hospitali ya juu ya kilima iliyofunguliwa 1971, au linaendelea mbele hadi Dar es Salaam. Huko kinyama kinakaushwa maji yake, kinagandishwa ndani ya nta, na fundi wa maabara anakikata vipande vyenye unene wa maikroni 3 au 4. Milimita moja ina maikroni 1,000. Utepe wa nta unaelea juu ya maji ya uvuguvugu, unajikunjua, fundi anauinua kwa kioo kilichoinamishwa. Ukimtazama mkono wake utaona haharakishi, na hapumui karibu na utepe. Kioo kinapikwa kwenye maji ya moto yenye chumvi maalumu ili vipokezi vilivyofungwa na fomalini vifunuke, kinamiminiwa kingamwili inayokijua kipokezi cha estrojeni na si kingine, na mwishoni inatiwa kemikali inayogeuka kahawia palipo na kingamwili hiyo. Kiini cha seli kikiwa cha kahawia, kipokezi kipo. Asilimia 1 tu ya viini ikishika rangi, jibu ni ndiyo, ingawa kati ya asilimia 1 na 10 huandikwa kwa tahadhari.

Mpatholojia mzuri haanzi na saratani. Anatafuta kwanza pembeni mwa uvimbe mifereji ya maziwa iliyo mizima, maana hiyo ina vipokezi kwa asili na baadhi ya viini vyake lazima vishike kahawia. Ikishika, na uvimbe usishike, basi uvimbe umesema hapana kweli. Mifereji nayo ikiwa mieupe, aliyekosea ni kopo, au saa, au fomalini, na jibu hilo halitakiwi kumfikia mgonjwa. Hapo ndipo ninapovua kofia. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba saratani za matiti za wanawake wa Afrika, sehemu kubwa hazina vipokezi. Zisizo navyo zipo, tena huenda ni nyingi kuliko za Ulaya, lakini baadhi ya hizo hapana zilitengenezwa na nyama iliyocheleweshwa kutiwa dawa, na wanawake walionyimwa kidonge kwa sababu hiyo hawahesabiki leo.

Kinyama kina mpaka wake, hata kikifanywa vizuri. Kinaeleza pale sindano ilipoingia, basi. Saratani ikisharuka kutoka kwenye titi na kuingia kwenye pingili ya mgongo, kwenye ini na kwenye tezi za kifua, inaweza kubaki na vipokezi mahali pamoja ikavipoteza mahali pengine. Huwezi kumchoma mtu sindano kila palipo na doa. Pingili nyingine haifikiki bila hatari, na nyama iliyotoka kwenye mfupa hulazimika kulainishwa kwa asidi kabla ya kukatwa, jambo ambalo nalo huvila vipokezi. Hapo ndipo dawa za mionzi za kufuatilia zinapoingia, na hapo ndipo ulinganisho kati ya dawa hizo unapoanza.

Inayojulikana zaidi ni FDG. Ni sukari, glukosi, iliyoondolewa kipande kidogo kwenye kaboni yake ya pili na kuwekewa florini yenye mionzi. Binadamu wa kwanza walidungwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwezi Agosti 1976. Seli inaipokea kwa kudhani ni chakula, inaanza kuivunja, inafika kwenye ile kaboni na kukwama. Sukari haiendi mbele wala hairudi nje, inarundikana. Penye njaa kubwa ya sukari pana mrundikano mkubwa, na saratani nyingi zina njaa hiyo. Mvuvi wa Musoma ataielewa FDG haraka: ni kokoro. Inakokota kila kilichomo, sangara, sato, furu, majani na matope, ndipo wewe ukae ufukweni uchambue. Dawa inayoulizia vipokezi ni wavu uliotegwa kwa ajili ya samaki mmoja.

Tatizo la kokoro katika nchi zetu ni kifua kikuu. Tezi ya kifuani yenye kifua kikuu inameza sukari kwa pupa ileile ya tezi yenye saratani, na kwenye picha ya FDG zote mbili zinawaka. Mkoa wenye wachimbaji wa dhahabu wanaovuta vumbi la mawe, na kambi za wavuvi zilizoteseka na ukimwi, hauwezi kulipuuza hilo. Kwa upande mwingine kuna saratani za titi zinazoanzia kwenye vijitezi vya maziwa, ambazo seli zake hutembea moja moja kwa mstari badala ya kujikusanya donge. Hizi mara nyingi zina vipokezi tele na njaa ndogo ya sukari. FDG hupita juu yake, ikamrudisha mama nyumbani na picha safi na ugonjwa mwilini.

Sasa FES. Hiyo ni estradioli yenyewe, imebadilishwa mahali pamoja tu: kwenye kaboni ya 16, haidrojeni moja imeondolewa ikawekwa florini-18. Atomu moja kati ya zaidi ya 40. Lakini mahali pa kuiweka si pa kubahatisha. Kipokezi kinaishika estradioli kwa ncha zake mbili, kila ncha ikiwa na oksijeni yake, na ukizigusa hizo kipokezi kinaitema. Ukiiweka florini mahali ambapo ini litaing'oa kirahisi, floraidi inarudi kuwa floraidi, inakimbilia mifupani kama ile ya kisimani, na picha yako inawaka mgongo mzima kwa mgonjwa ambaye mgongo wake hauna kitu. Michael Welch wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, na John Katzenellenbogen wa Chuo Kikuu cha Illinois hawakukaa kubuni kwa nadharia tupu. Mwaka 1984 wao na wenzao walieleza estrojeni nne zenye florini-18 walizozitengeneza na kuzijaribu kwa panya jike wachanga, wanyama walewale wa Jensen, wakipima mfuko wa uzazi umebeba kiasi gani kuliko damu na misuli. Iliyoshinda ndiyo FES.

Kuitengeneza ni kushindana na saa. Florini-18 haichimbwi, inazaliwa ndani ya saiklotroni, pale protoni zinapoyapiga maji ambayo oksijeni yake ni ya aina nzito, oksijeni-18. Kutoka dakika ile, kila dakika 110 nusu yake inatoweka. Maji hayo yanapitishwa kwenye kichungi kidogo kinachoidaka floraidi, inasukumwa itoke kwa potashi, kisha inakaushwa na kukaushwa tena, kwa sababu floraidi iliyolowa imezungukwa na maji na haitaki kuungana na chochote. Ikishakauka inakuwa kali. Hapo inakutanishwa na estrojeni iliyoandaliwa: kati ya kaboni ya 16 na ya 17 pamejengwa daraja la salfa na oksijeni. Floraidi inalishambulia daraja kutoka upande mmoja tu, wa chini, inakaa kwenye 16 na kulisukuma daraja litegemee 17. Kisha asidi inaliondoa daraja lililobaki na kifuniko kilichowekwa kulinda oksijeni ya upande wa pili. Kilichopatikana kinachujwa kwenye nguzo ndefu nyembamba ili estrojeni yenye florini itengane na isiyo nayo, kinapimwa, kinapitishwa kwenye kichujio cha kuzuia bakteria. Yote haya yanafanyika nyuma ya kuta nene za risasi, mkono wa mtu haugusi, na yanakula kama saa moja au zaidi. Karibu theluthi ya ulichoanza nacho, au zaidi, imeshakwenda kabla sindano haijajazwa.

Lile la kuchuja lina sababu nyingine ambayo watu wa nje hawaioni. Vipokezi vya seli ni vichache. Ukimdunga mtu FES iliyochanganyika na estrojeni nyingi isiyo na mionzi, hiyo isiyo na mionzi itavijaza vipokezi vyote na ile yenye mionzi itabaki ikizurura. Kwa hiyo dozi nzima ina uzito wa mikrogramu chache tu, kiasi ambacho mwili hauhisi hata kidogo. Sukari haina shida hii. Mwili una sukari tele na chembe chache za ziada hazimzuilii mtu njia. FDG inasamehe uzembe, FES haisamehi.

Mgonjwa anadungwa taratibu kwa dakika moja au mbili, anasubiri, na baada ya kama dakika 80 analazwa kwenye mashine ya PET. Florini inapovunjika inatoa positroni. Hiyo inatembea kidogo sana, haifiki mbali kwenye nyama, inakutana na elektroni, zote mbili zinaangamia na kutoa miali miwili inayokimbia pande mbili zinazopingana. Mashine ni duara la vihisi. Vihisi viwili vinavyotazamana vikipigwa kwa wakati mmoja, mstari unachorwa kati yake, na mamilioni ya mistari hiyo ndiyo picha. Mwaka 1988 kundi la St. Louis lilichapisha matokeo ya wanawake 13 wenye uvimbe wa titi: kiasi cha FES kilichoshikwa kiliendana na kiasi cha vipokezi kilichopimwa maabara baada ya upasuaji. Ikapita miaka 32. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha FES Mei 2020, kwa wagonjwa ambao saratani imerudi au imesambaa, tena kama msaada wa kinyama na si mbadala wake.

Ukiiona picha ya FES kwa mara ya kwanza utadhani mgonjwa amekwisha, maana ini linawaka kuliko kitu chochote. Ni kwamba ini ndilo linaloivunja estrojeni na kuimwaga kwenye nyongo, na nyongo inashuka kwenye utumbo, nao unawaka. Kwa hiyo saratani iliyojificha ndani ya ini FES haiioni, na hapo FDG inaishinda waziwazi. Msomaji wa picha anayejua kazi yake analiacha ini, anashuka nyonga, anautafuta mfuko wa uzazi. Huo una vipokezi kwa asili, kwa hiyo lazima uonekane. Ukionekana, dawa imefanya kazi, na doa la mgongoni lisilowaka linasema jambo. Usipoonekana, huenda mgonjwa anakunywa tamoksifeni na vipokezi vyote vimekaliwa. Mpatholojia wa Bugando anaitafuta mifereji mizima, huyu anautafuta mfuko wa uzazi, na wote wawili wanafanya kitu kimoja: hawaikubali hapana mpaka wathibitishe kwamba ndiyo iliwezekana kusemwa.

Kwangu hicho ndicho kipimo cha kuzipangia dawa hizi ubora. Watu huzishindanisha kwa kuuliza ipi inawaka zaidi. Ningeuliza ipi ukimya wake unasomeka. FES ikiwaka nje ya ini, utumbo na njia ya mkojo, karibu kila mara ni vipokezi kweli. Ikinyamaza, bado ipo nafasi ya kukosea, na karatasi ya dawa yenyewe inasema hivyo. FDG ikiwaka haijakueleza ni nini kinachokula, lakini ikiwaka mahali ambapo FES imenyamaza, na mfuko wa uzazi unaonekana, umepata habari nzito: saratani ipo pale, na haitegemei homoni. Mbili kwa pamoja zinasema kile ambacho hakuna hata moja ingekisema peke yake.

Mafundi hawajaridhika, na ndivyo mafundi walivyo. Huko Sherbrooke, Kanada, wameitia FES vipande viwili zaidi, florini ya kawaida kwenye kaboni ya 4 na kikundi kidogo cha oksijeni na kaboni kwenye 11, ili isikamatwe sana na protini ya damu inayobeba homoni za jinsia. Wanaiita 4FMFES. Picha yake ina utumbo uliotulia zaidi na uvimbe unaojitokeza vizuri zaidi.

Lakini iliyoniteka mimi ni FFNP, ambayo haitafuti kipokezi cha estrojeni bali cha projesteroni. Mantiki yake ni hii: kipokezi cha estrojeni kinapofanya kazi, moja ya amri zake ni kutengeneza kipokezi cha projesteroni. Basi kumbe unaweza kukijaribu. Farrokh Dehdashti na wenzake wa St. Louis, katika utafiti uliochapishwa 2021, waliwapiga picha wanawake 43 waliokwisha koma hedhi, wakawapa estradioli kwa siku moja tu, wakawapiga picha tena. Waliokuwa na uvimbe ulioitikia, yaani FFNP ikaongezeka baada ya siku hiyo, walikuwa 28, na wote 28 walinufaika na tiba ya homoni. Waliobaki 15 hawakuitikia, na hakuna hata mmoja wao aliyenufaika. Utafiti mdogo, sawa. Lakini tazama ustadi wa swali: FES inauliza kama kipokezi kipo, hii inauliza kama kinafanya kazi. Kuna saratani nyingi zenye vipokezi vilivyolala, na kidonge hakimwamshi aliyekufa.

Turudi barabarani. Hapa Afrika Mashariki Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ina saiklotroni na PET tangu 2018, na serikali ya Tanzania imewekeza katika huduma hiyo pale Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Dawa inayotembea kwenye mashine hizi kwa kawaida ni FDG. Tuseme siku moja saiklotroni inajengwa Mwanza na mashine ya PET inawekwa Musoma, kwenye ile Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, iliyopewa jina la mtu wa Butiama ambaye mwenyewe aliuawa na saratani ya damu mwaka 1999. Gari linaondoka Mwanza na kontena la risasi, linapita Magu. Likikaribia Lamadi, nusu ya dawa imekwisha. Likipita Bunda na kuingia Musoma, tuseme baada ya saa 4 za safari, imebaki kama asilimia 22. Ukitaka dozi tano zifike, tengeneza zaidi ya 22. Tekneshiamu-99m, dawa ya siku nyingi ya kamera za gama, ingefika na asilimia 63, maana nusu yake hutoweka kwa saa 6, tena haihitaji saiklotroni. Huzaliwa ndani ya chombo chenye molibdeni kinachosafirishwa kwa ndege na kutumika kama wiki moja. Inaonyesha vizuri mifupa inayojijenga baada ya kuvamiwa. Ila haijui lolote kuhusu vipokezi, na hakuna aliyefanikiwa kuitundika kwenye estradioli ikazoeleka hospitalini: tekneshiamu ni metali, inahitaji kushikwa na kikapu cha atomu, na kikapu hicho kwenye chembe ndogo ya homoni ni mzigo mkubwa mno.

Kwa hiyo kama ningekuwa na fungu la Mkoa wa Mara mkononi, ningeanza na makopo. Fomalini iliyotengenezwa sawasawa katika kila hospitali ya wilaya, fomu yenye nafasi ya kuandika saa ya kukata na saa ya kutumbukiza, na gari la uhakika la kufikisha vinyama Mwanza kabla ya saa 72. Hilo lingewapa jibu wanawake wengi zaidi kuliko mashine yoyote ya duara, na pesa zake ni za kawaida. FES ingekuja baadaye, na ingeanza na wale ambao sindano ya kinyama haiwafikii: mwenye doa kwenye pingili, mwenye madoa saba yasiyofanana, mwenye tezi ya kifuani ambayo daktari anasitasita kati ya saratani na kifua kikuu.

Na barua ya rufaa yake ingehitaji mstari mmoja ambao fomu nyingi hazina: mgonjwa ametumia dawa gani ya homoni, na kidonge cha mwisho au sindano ya mwisho ilikuwa lini. Tamoksifeni inahitaji wiki kama 8 kuviachia vipokezi; fulvestranti, sindano inayokalia vipokezi hivyohivyo, wiki 28. Zile dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni hazina neno, kwa sababu hazikai kwenye kipokezi. Tiba isisimamishwe kwa ajili ya picha. Picha ndiyo iwahi, kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa.